Koti la Mtu Anayekaa

8 Januari

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, mikono mizima, na kinachoniuma ni mgongo tu, kwa sababu godoro la chumba nilichopanga ni jembamba kama kitambaa cha bitana. Wewe hujambo? Cherehani haijambo? Mama aliniandikia kwamba siku hizi unavaa miwani ukitunga uzi. Usione haya, uzee hauna dawa. Na suruali zako je, bado unakunja mguu wa kushoto na kuubana kwa pini? Jana nimecheka peke yangu nikikumbuka siku ile pini ilipofunguka mbele ya bwana harusi aliyekuja kupimwa suti, ukamwambia ndiyo mtindo mpya.

Najua ujumbe wa simu unauita maneno ya kukimbilia basi. Basi tuendelee na karatasi, kama ulivyonianzisha na chaki yako juu ya vitambaa nilipotoka wodini mtoto mdogo, masikio yamekwenda na homa.

Kazi nimeanza. Maabara ya meno ya bandia iko nyuma ya hospitali, jirani na chumba cha kufulia, kwa hiyo mchana kutwa tunanusa sabuni. Asubuhi nachonga nta, mchana nasugua meno ya watu nisiowajua. Kila seti nikiimaliza naichekea kwanza, nione kama nayo itanichekea.

Sasa nikuambie kinachonichoma. Unakumbuka ule mtihani wa vitendo wa kabla ya ajira, kila mtu alipewa umbo la mdomo usio na jino hata moja, akaambiwa aujaze. Nafasi zilikuwa tano. Nne ni za yeyote atakayeshinda, na moja imetengwa kisheria kwa mtu mwenye ulemavu, maana bila hivyo hospitali ingesema kila mwaka haikumwona wa kufaa. Matokeo yalibandikwa ukutani nami niliyasoma kwa macho yangu, ambayo hayana ugonjwa. Nilikuwa wa pili kati ya watu wote. Wa pili, Mjomba! Nilirudi nyumbani nikiruka.

Siku ya kwanza kazini nakuta tangazo jingine. Watu wanne juu, kisha mstari, kisha mimi peke yangu chini ya mstari: nafasi maalum. Afisa utumishi akanitambulisha kwa wenzangu kwa kugusa sikio lake kisha kuninyooshea kidole, na wote wakatikisa vichwa kwa upole, kama vile nimeweza kufunga kamba za viatu. Nilitamani kuwatafuna kwa meno yao wenyewe.

Na kuna mtu simwoni. Kwenye mtihani kisu changu cha nta kilivunjika, na jamaa aliyekuwa pembeni yangu akanipa chake cha akiba bila hata kuinua macho. Nimempa jina la Bwana Kisu. Alikuwa wa sita, na alifaulu vizuri. Ile nafasi iliyotengwa ilikuwa yake. Sasa wamenikalisha mimi juu yake, yeye yuko nje. Niambie, nifanyeje?

Mama aligusia habari ya baraza lako la kushonea na upanuzi wa barabara, halafu akaniambia nikuulize mwenyewe. Nakuuliza.

Mpwa wako, mwenye mikono miwili na mdomo mkubwa wa karatasi

*

2 Februari

Kasuku wangu wa mikono,

Marahaba, mara nyingi kuliko vishikizo vyangu vyote. Barua yako imefika, nimeisomea wateja waliokuwepo, isipokuwa pale pa pini. Sisi wazima. Dada yangu, mama yako, yupo na maneno yake. Paka wetu amezaa ndani ya kapu la vipande vya kitambaa, kwa hiyo sina pa kuchukulia viraka mpaka watoto wafumbue macho.

Nimefurahi, tena usinifanye nirudie, maana miwani inaingia ukungu. Mtoto niliyemfundisha herufi kwa chaki leo anawatengenezea watu meno! Nimemwambia kila aliyepita barazani, na waliopita kwa miguu ya haraka nimewaita warudi.

Kuhusu hilo linalokuchoma, nisikilize mimi mkubwa. Usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Bado uko kwenye miezi ya majaribio, hujathibitishwa kazini. Mlango umepita, kama ni wa mbele au wa uani, nani atakuuliza baada ya mwaka? Watu husahau mlango, mshahara hausahauliki. Huyo Bwana Kisu namhurumia, lakini riziki yake iko kwa Mungu, haiko kwenye kiti chako. Funga mdomo, yaani mikono, mpaka uthibitishwe.

Baraza lipo mahali pake. Wateja wapo. Mengine ni ya dada yangu, ambaye akiona wingu moja hukimbilia kuanua nguo.

Mjomba wako

*

27 Februari

Mjomba mpendwa,

Shikamoo, na hongera ya wajukuu wa paka. Huku hatujambo. Mwenye nyumba amenibadilishia godoro baada ya mimi kumtengenezea jino la mbele kwa nta, la utani tu, alilovaa akamtisha nalo mkewe. Nakushukuru kwa ushauri. Nimeusoma mara mbili, nimeukunja vizuri, nimeuweka chini ya mto. Halafu nimekwenda ofisini kwa afisa utumishi.

Usikunje uso, ngoja nikueleze. Ofisi haina mkalimani wa lugha ya alama, kwa hiyo tuligombana kwa kuandika, nyuma ya karatasi zake za zamani. Nakupa kama ilivyokuwa.

Yeye: "Kuna tatizo gani? Si umepata kazi?"

Mimi: "Nilikuwa wa pili. Nihesabuni wa pili. Mliponiweka pana mwenyewe."

Yeye: "Sheria inataka mmoja mwenye ulemavu. Wewe unao. Hesabu imetimia."

Mimi: "Sheria inataka mmoja mahali pale hata kama wengine kumi wameshinda wenyewe. Mmemtumia mtu mmoja kuziba matundu mawili."

Yeye: "Ukitoka kwenye nafasi maalum, sikuhakikishii kwamba nyingine itakuwepo. Fikiria vizuri."

Mimi: "Nimeshafikiria. Nimefikiria mpaka nikabadilishiwa godoro."

Hilo la mwisho hakulielewa. Malalamiko yangu yamepelekwa kwenye kamati ya ajira, itakaa Mei. Mkuu wetu wa maabara, mama mmoja mkali ambaye akikuta povu dogo ndani ya plasta ya kutengenezea maumbo ya mdomo anakurudisha mwanzo, ameniandikia kwenye kiganja cha mkono wangu: "Mimi ndiye niliyesahihisha yale meno. Sikuona masikio." Sikuosha mkono mpaka usiku.

Kinachonikosesha raha ni jirani yangu wa benchi. Ni kijana mpole, wiki ya kwanza tu alijifunza kunisalimia kwa alama. Yeye alikuwa wa tano. Nafasi za wote ni nne. Mimi nikirudi kwenye nafasi yangu ya pili, yeye anabaki nje. Nimemwambia mwenyewe kabla hajaambiwa na watu. Alinitazama, akarudi kwenye nta yake.

Na wewe, Mjomba, nani anamficha nani? Mama amesema safari hii bila kuzunguka: baraza limechorwa msalaba mwekundu wa kubomolewa. Nijibu.

Mpwa wako

*

19 Aprili

Mpwa,

Nimechelewa, usianze kuhesabu siku. Salamu zako zimefika, zangu zipokee. Watoto wa paka wote wamepata wenyewe.

Ni kweli, baraza limevunjwa. Barabara inataka kupita nilipokuwa nimekaa, nami barabara siishindi. Halmashauri imetupeleka soko jipya, jengo zuri la ghorofa mbili, lina rangi kama keki. Chini kumetengwa vibanda vichache vya watu wenye ulemavu. Vingine vyote ni vya kura.

Nilipofika, karani aliutazama mguu wangu mfupi kabla ya uso. Akasema, "Mzee, wewe chako hiki hapa chini karibu na mlango, kimoja kimebaki." Nikamwambia atie kikaratasi changu kwenye ndoo kama vya wenzangu. Watu wakageuka. Nikachovya mkono, nikatoa namba, kibanda cha juu kabisa karibu na tangi la maji. Karani akasema kile cha chini kitaningoja mpaka mwisho wa Julai, halafu apewe kijana muuza simu ambaye ameshakimezea mate. Nikamwambia amkabidhi leo.

Najua utauliza kwa nini. Nimetembea na mkongojo wangu mji huu tangu nina nywele. Nimeshasukumwa mbele ya foleni, "Mpisheni mlemavu, mpisheni," na jioni hao hao wanasimulia jinsi walivyonisaidia, kama vile wamenibeba mgongoni tangu nizaliwe. Sitaki kibanda ambacho kila mpita njia atajua kwa nini nimekipata. Hiki nimekipata kama mtu yeyote.

Ngazi ni ngazi. Mguu mmoja unatangulia, mwingine unafuata.

Hayo ya ofisini kwako sina la kusema. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na mimi ndiye niliyekulea na hiyo shingo ngumu.

Mjomba

*

11 Mei

Mjomba wangu, shikamoo, shikamoo tena!

Leo salamu ni fupi kwa sababu habari ni ndefu. Wote wazima? Na iwe hivyo.

Kamati imekaa. Nimeshinda! Ukutani kuna tangazo jipya, mimi ni wa pili, juu ya mstari, na nimethibitishwa kazini. Chini ya mstari kuna Bwana Kisu. Mkuu wa maabara alikwenda na yale maumbo yetu ya mtihani ndani ya sanduku, akayapanga mezani mbele ya kamati bila kusema ni ya nani, akawaambia wachague mawili bora. Langu wakalichagua wote. Afisa utumishi naye alilichagua, kisha akaandika chini ya karatasi kwamba "imetokea hitilafu ndogo ya upangaji". Hitilafu ndogo! Lakini nimemsamehe, furaha imejaa hakuna pa kuweka kinyongo.

Nikukumbushe, Mjomba, mwezi Januari nilidhani nimekasirika kwa sababu ya aibu. Nilidhani neno lile "maalum" ndilo linaloniwasha. Sasa naona halikuwa na kosa lolote. Ni mlango uliowekwa kwa aliyekuwa anafungiwa. Kosa ni kunipitisha mimi pale na kumwacha mwenyewe uani.

Jirani yangu hakufukuzwa. Amepewa mkataba wa muda kushika kazi ya dada aliyeko likizo ya uzazi. Lakini amehamishia kigoda chake upande wa pili wa benchi, na asubuhi hanisalimii. Sijutii, ila inaniuma, na sitakudanganya kwamba hainiumi.

Sasa nina ombi. Hapa kila mtu anajishonea koti jeupe la kazi, refu mpaka magotini. Nataka la Bwana Kisu lishonwe na wewe, liwe zawadi yangu ya kisu. Vipimo nimevichukua mwenyewe kwa kamba: mabega, kifua, mkono, na urefu nimekadiria. Ni mtu mwenye kifua kipana na utani mwingi, mambo mengine hayana haja. Nimekutumia na pesa ya kitambaa, usinirudishie.

Bado hujaniambia wateja wanasemaje kuhusu ngazi.

Mpwa wako, wa PILI

*

3 Juni

Kasuku wa pili,

Marahaba. Hongera mpaka dari! Nimetangaza soko zima, chini na juu. Kumbe shingo ngumu nayo ni mali.

Koti hili hapa. Nimelishona kwa mishono miwili, mifuko mitatu, na mmoja mdogo kifuani wa kile kisu. Urefu wako wa kukadiria nimeusahihisha, mtu mwenye kifua kile hawezi kuwa mfupi. Mwambie ni koti la heshima, likimfika goti atatembea kama daktari mkuu.

Sisi hatujambo. Huku juu kuna upepo safi na utulivu mwingi, nafanya kazi bila kelele. Chai ya kazini nimeiacha, usiulize.

Mjomba

*

20 Juni

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Sisi wazima wote, ingawa jana nusura tusiwe.

Koti lilifika limekunjwa vizuri, lina harufu ya chumba chako, nikalinusa kabla ya kumpa mwenyewe. Akalivaa hapo hapo. Mabega sawa, kifua sawa, mfuko wa kisu akauchezea kama mtoto. Kisha akageuza kiti chake cha magurudumu kuchukua trei kwenye jiko, pindo likaingia kwenye gurudumu, gurudumu likalivuta, koti likamvuta yeye, naye akavuta trei. Seti nzima ya meno ya bibi mmoja wa wodi ya tatu ikaruka, ikatua sakafuni, ikasimama wima ikitucheka.

Ndiyo, Mjomba, anatumia kiti cha magurudumu. Sikukuambia. Nilikumbuka nilivyotambulishwa kwa kuguswa sikio, nikaapa mimi sitamtambulisha mtu kwa miguu yake. Nilitaka umjue kwa kisu na kifua na utani. Nikaona nikitaja kiti nitakuwa kama afisa utumishi.

Yeye amecheka mpaka machozi. Ameniandikia: "Mwambie fundi koti ni zuri sana, nitalivaa siku nitakayosimama." Lakini pindo limechanika, na nyuma analikalia, linamvuta shingo siku nzima. Meno ya bibi nimeyatengeneza upya bila kulala. Na nani unadhani aliwasha jiko na kunikorogea plasta? Jirani yangu. Hajanisalimia bado, ila amekoroga, na haikuwa na povu hata moja.

Nakurudishia koti. Unaweza kulitengeneza?

Mpwa wako mjinga

*

2 Julai

Mpwa mjinga, umejitaja mwenyewe mimi sijasema,

Salamu baadaye. Kwanza nikugombeze.

Mimi nilidhani huyo mtu ni kiziwi mwenzako! Nafasi ile ile, urafiki ule ule, nikasema basi, koti la kiziwi ni koti, halina kipimo chake. Ungeniambia anakaa, ningemkatia kama mtu anayekaa. Fundi haoni mtu, anaona alichoambiwa. Umenificha kiti kwa heshima, na heshima yako imemtia mwenzio kwenye gurudumu.

Sikiliza nikufundishe, kwa sababu hili halimo kwenye vitabu vyako vya meno. Mtu anayekaa kutwa, koti lake halishuki magotini. Mbele unalikata liishie mapajani lisijikusanye tumboni. Nyuma unalipandisha zaidi, lisikaliwe. Mgongoni unaacha nafasi ya ziada, kwa sababu mikono inasukuma mbele kila saa. Mikono ya koti unaifupisha na kuibana kwa kishikizo, isilambe gurudumu. Mifuko unaileta juu ya paja, maana ya pembeni hawezi kuifikia. Ukimaliza, ukilitundika kwenye msumari litaonekana kama limeshonwa na mlevi. Mvalishe mwenyewe uone! Linamkaa kuliko suti ya waziri.

Na usiogope neno. Kumkatia mtu nguo kwa namna anavyokaa si kumhurumia. Ni kumpima. Anayewakatia wote koti moja halafu akajisifu kwamba hakubagua, huyo ni mvivu wa kupima.

Nimelifumua lote nikalikata upya. Linakuja na barua hii. Nimefurahi kulishona kuliko nguo yoyote mwaka huu, nisikufiche.

Salamu sasa: hatujambo.

Mjomba, fundi

*

12 Julai

Mjomba,

Shikamoo. Koti limemkaa. Amezunguka nalo maabara nzima kwa kasi, Mkuu akamfokea, kisha akamwomba namba ya fundi.

Barua hii ni fupi. Mama alikuja kwako wiki iliyopita, nawe ukamwambia asiniambie. Ameniambia. Amesema hunywi chai wala maji tangu asubuhi mpaka unapofunga, kwa sababu choo kiko chini na ngazi ni nyingi. Amesema ulianguka mwezi wa tano, ukasema ni mkwaruzo wa mkasi. Amesema wateja wako wa zamani, wa mkongojo na wa ujauzito na wa watoto mgongoni, wanafika chini ya ngazi, wanatazama juu, wanakwenda kwa fundi mwingine. Huo ndio utulivu wako na upepo safi.

Nakuandikia maneno ya fundi mmoja ninayempenda, nimeyanakili kutoka kwenye barua yake: "Kumkatia mtu nguo kwa namna anavyokaa si kumhurumia. Ni kumpima."

Kile kibanda cha chini hakijakatwa kwa ajili ya huruma ya karani, hata kama karani mwenyewe hajui. Kimekatwa kwa kipimo chako. Mimi nilikataa nafasi maalum kwa sababu haikuwa kipimo changu, ilikuwa ya Bwana Kisu. Wewe unaikataa yako, na anayeingojea ni muuza simu mwenye miguu miwili mizuri.

Watasema? Waache waseme. Mimi waliponisema nilikuwa nachonga jino.

Mwisho wa mwezi ni mwisho wa mwezi. Kunywa maji, Mjomba. Nakupenda.

Mpwa wako

*

9 Agosti

Kasuku wangu,

Barua yako niliikasirikia siku tatu kamili. Nikaitupa kwenye kapu la viraka. Paka akailalia. Siku ya nne nikamwondoa paka.

Marahaba, na poleni na kazi. Mama yako mzima, namwita sasa Redio. Bwana Kisu mpe mkono wangu. Na jirani yako mwambie fundi anasema aliyekukorogea plasta ameshakusalimia, iliyobaki ni sauti tu, ambayo wewe huna haja nayo.

Nilikwenda ofisi ya soko siku moja kabla ya Julai kwisha. Karani akauliza, "Mzee, si ulikikataa mbele ya watu?" Nikamjibu, "Nilikikataa kabla sijapanda ngazi." Akacheka, akanipa ufunguo. Muuza simu alikuwa ameshaleta meza yake, akanuna. Nikampa kibanda changu cha juu. Sasa anapanda na kushuka akipiga mluzi, anasema huko kuna mtandao mzuri. Wallahi kila mtu amekatiwa chake.

Siku ya kwanza hapa chini, mpita njia mmoja alisema kwa sauti, "Hiki si kibanda cha walemavu?" Nikamwambia, "Ndiyo, karibu, na suruali yako imechanika nyuma." Ikawa kweli imechanika. Alilipa. Wa pili alikuwa mzee wa mkongojo aliyenipotea tangu Machi. Wa tatu mama mwenye pacha. Jioni nilikuwa nimekunywa vikombe vitatu vya chai, nikahesabu na raha yake.

Sasa nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu. Tulipofunga siku ile, nilibaki na kipande cha kitambaa cha kijivu, kizuri. Nikajipima. Maisha yangu yote, mimi niliyepima mji mzima, suruali zangu nimezikata miguu sawa kama za mtu mwingine, halafu wa kushoto nikaukunja na kuubana. Watu wakidhani ni uvivu wa fundi kujishonea. Nilikuwa nakataa kuandika namba mbili tofauti kwenye karatasi moja. Safari hii nikaziandika. Kulia namba yake, kushoto namba yake. Ukiitundika kwenye msumari utasema imeshonwa na mlevi. Leo nimeivaa, nimetembea nayo soko zima kutoka mlango hadi mlango, na pindo halijagusa vumbi.

Tikisa bahasha kabla ya kuitupa, usije ukajichoma. Ndani yake kuna pini. Sina kazi nayo tena.

Mjomba wako, kibanda cha kwanza ukiingia, chini, karibu na mlango